Uliwahi kutoa mimba, sasa unataka mtoto: ya kuzingatia kabla

Hofu kwamba "kizazi kimeharibika" huwaandama wengi waliowahi kutoa mimba, na mara nyingi haina msingi. Mimba iliyotolewa mapema, kwa vidonge sahihi au kwa pampu mikononi mwa mtaalamu, bila homa wala uchafu wenye harufu baadaye, kwa kawaida haizuii kushika nyingine. Shida hutokana na maambukizi na majeraha. Mirija ya uzazi ikipata makovu, mimba inaweza kutunga nje ya kizazi au isitunge kabisa. Kizazi kikikwanguliwa mno, hedhi inaweza kupungua au kukata. Shingo ya kizazi ikichanika, mimba inaweza kutoka mwezi wa nne au wa tano, au mtoto akazaliwa njiti.

Kwa hiyo kabla ya kuacha uzazi wa mpango, kumbuka ilivyokuwa. Kama kilitumika kijiti, waya au dawa ya majani, au uliugua baada ya hapo, mwone daktari wa wanawake kwanza. Kama ni juzijuzi tu, yai linaweza kupevuka ndani ya wiki mbili, hata kabla ya hedhi. Shirika la Afya Duniani linashauri kukaa angalau miezi 6 kabla ya kushika nyingine. Katika muda huo anza vidonge vya foliki asidi (vitamini ya kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo), mikrogramu 400 kwa siku, na upime kundi la damu. Mwenye kundi hasi (kama O- au A-) ambaye baada ya kutoa mimba hakuchomwa anti-D, sindano ya kuzuia hilo, huenda mwili wake umeshajenga kinga inayoweza kushambulia damu ya mtoto ajaye. Kuna kipimo cha kuliangalia hilo.

Halafu kliniki. Nesi atauliza: hii ni mimba ya ngapi? Wengi hujibu "ya kwanza", kwa sababu mume amekaa pembeni. Sishangai, lakini jibu hilo linamfanya nesi asijue aangalie nini. Omba kuzungumza naye faragha, na uliza itaandikwaje kwenye kadi, maana kadi husomwa nyumbani.

Kama uliwahi kupata maambukizi, omba ultrasaundi mapema, kwenye wiki ya 6 hadi ya 8, ionekane mimba imekaa wapi. Ukisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo, bega likauma au ukahisi kuzirai, hata damu ikiwa matone tu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.