Kuacha Sigara kwa Mtu Anayenunua Moja Moja

Ushauri ambao karibu kila mvutaji wa siku nyingi amewahi kupewa ni kutupa pakiti iliyobaki, kuvunja kiberiti na kuanza upya asubuhi inayofuata. Kwa wengi wetu ushauri huo hauna pa kushika, kwa sababu pakiti yenyewe hatuna. Mimi nilivuta kwa miaka 22, na katika miaka hiyo nilinunua pakiti nzima pale tu nilipokuwa na safari ndefu. Sigara nyingine zote nilizinunua moja moja: kwa Mangi, yaani mwenye duka dogo la mtaani, kwa kijana anayetembeza kisanduku cha sigara, pipi na karanga kituoni, na kwa muuza kahawa anayeweka sigara chache pembeni kwa ajili ya wateja wake. Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10, lakini anayepita kwenye steji jioni anajua kwamba sigara moja haijawahi kuwa kitu cha kutafutwa.

Mnunuzi wa namna hiyo hana akiba ya kutupa. Kinachomrudisha kwenye sigara ni njia anayopita, watu anaokaa nao na saa za siku yake, na hayo ndiyo anayopaswa kuyapanga upya kabla hajatangaza kwamba ameacha.

Wiki moja ya kuandika

Usiache leo. Kwa siku saba endelea kuvuta kama kawaida, lakini kila mara, kabla ya kuwasha, andika kwenye kijikaratasi au kwenye simu mambo manne: saa, mahali, uliyekuwa naye, na kama ungeweza kusubiri nusu saa bila kuteseka. Andika kabla ya kuvuta, si baada, kwa sababu baada ya kuvuta kila sigara huonekana kuwa ilikuwa ya lazima.

Mwisho wa wiki utaona kwamba sigara zako ni za aina mbili. Zipo sigara za mwili, ambazo ni chache. Kiasi cha nikotini, yaani kile kilichomo katika tumbaku kinachomfanya mtu aizoee, hupungua katika damu kwa nusu kila baada ya takriban saa mbili, kwa hiyo anayelala kwa muda wa saa saba huamka akiwa karibu hana kitu, na mwili unadai. Ikiwa unavuta sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 tangu kuamka, mwili wako umefungwa sana na nikotini, na jambo hilo litaamua kipimo cha dawa utakachohitaji.

Aina ya pili ni sigara za mahali. Hizi ndizo za baada ya chakula cha mchana, za kusubiri daladala, za kijiweni wakati mazungumzo ya mpira yamepamba moto, za kumsindikiza mwenzako anayetoka nje ya ofisi kwenda kuvuta. Katika karatasi yangu mwenyewe, kati ya sigara 11 za siku moja ya kazi, tatu tu zilikuwa za mwili. Nyingine nane nilizivuta kwa sababu nilikuwa nimesimama mahali ambapo nimezoea kuvuta. Iweke karatasi hiyo vizuri, kwa kuwa utairudia.

Siku ya kuacha, na mazungumzo na Mangi

Chagua tarehe isiyozidi wiki mbili mbele, na iwe siku ya kawaida isiyo na harusi, safari wala mshahara. Wengi huuliza kama ni bora kupunguza polepole au kukata mara moja. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wavutaji 697, na baada ya wiki nne asilimia 49 ya waliokata mara moja walikuwa hawajavuta, ilhali kwa waliopunguza kwanza ilikuwa asilimia 39. Tofauti hiyo haimshangazi aliyewahi kujaribu kupunguza. Anayetoka sigara 12 hadi sita huanza kuvuta kila moja kwa pafu ndefu zaidi hadi moto ufike kwenye kichungi, na mapafu hupata karibu kile kile yalichozoea. Kuhamia sigara zinazoitwa nyepesi kuna udanganyifu huo huo.

Siku mbili kabla ya tarehe, nenda kwa Mangi. Kwanza lipa deni lote la sigara, kwa sababu mwenye deni hulazimika kupita dukani, na akipita hukopa tena. Kisha mwambie waziwazi, wateja wengine wakiwa hawapo: “Mangi, kuanzia Jumatatu usiniuzie sigara, hata nikikuomba.” Nilidhani atacheka. Hakucheka, na wiki iliyofuata nilipomwomba moja kwa kisingizio kwamba ni ya mgeni, aliniuliza mgeni huyo yuko wapi. Si kila mwenye duka atakuwa hivyo, ndiyo maana ni vyema pia kubadili njia. Kama kituo chako cha daladala kina kijana wa kisanduku unayefahamiana naye kwa jina, pandia kituo kinachofuata kwa wiki tatu za kwanza, hata ikibidi kutembea dakika kumi.

Wenzako wa kijiweni wanahitaji kauli fupi, isiyo na mahubiri. Anayeanza kuwaeleza wavutaji wenzake madhara ya tumbaku hujitafutia ubishi, na ubishi huo huishia kwa mtu kumwekea sigara mdomoni kwa utani. Inatosha kusema, “Nimeacha, naomba msinipe hata pafu moja,” na kwa muda ukae nao mahali pasipovutiwa, au usikae nao kabisa.

Kwa Mwislamu, Ramadhani ni fursa kubwa kuliko tarehe nyingine yoyote, kwa sababu anayefunga katika nchi zetu tayari hukaa zaidi ya saa 13 kila siku bila sigara. Tatizo halipo mchana. Lipo dakika chache baada ya adhana ya magharibi, pale mtu anapofungua kwa tende moja na sigara mbili mfululizo kana kwamba analipwa malimbikizo. Panga muda huo peke yake: maji, tende, swala, futari pamoja na familia ndani ya nyumba, halafu tarawehe, bila kupita barazani katikati. Ukivuka saa tatu hizo kwa siku kumi za mwanzo, sehemu kubwa ya sigara zako za mahali itakuwa imekatika.

Arosto

Arosto ya sigara, yaani mateso ya mwili uliokosa nikotini, huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hufikia kilele ndani ya siku tatu za kwanza, na kwa watu wengi hupoa sana ndani ya wiki mbili hadi nne. Tarajia hasira zisizo na sababu, kukosa usingizi, kichwa kuuma, njaa, choo kigumu na akili kutotulia kwenye kazi. Waambie walio nyumbani mapema, hasa mke au mume, kwamba maneno makali ya siku hizo chache yana chanzo kinachojulikana, ingawa hilo halikupi ruhusa ya kuyasema.

Hamu yenyewe huja kwa mawimbi, na kila wimbi hudumu dakika chache tu, kwa kawaida lisizidi kumi. Kazi yako ni kuzipitisha dakika hizo. Kunywa glasi ya maji polepole, ondoka mahali ulipo, piga simu. Kwangu kilichosaidia zaidi ni mswaki wa mti, kwa sababu unaupa mkono na mdomo shughuli ile ile uliyozoea na hauna aibu kutafunwa hadharani. Karafuu moja chini ya ulimi nayo inafaa. Karanga ni nzuri pia, ila usizinunue kwa kijana wa kisanduku, maana zimelala ubavuni mwa sigara. Nunua nusu kilo sokoni ukakaangie nyumbani.

Kahawa inastahili maelezo yake. Moshi wa tumbaku hulifanya ini kuivunja kafeini haraka kuliko kawaida, na ndiyo sababu mvutaji anaweza kunywa vikombe vingi vya kahawa chungu usiku na bado akalala. Akiacha, ini hurudi kwenye mwendo wake, na vikombe vile vile humwachia kafeini nyingi zaidi mwilini. Mikono hutetemeka, moyo hupiga mbio, usingizi hukataa, naye hudhani ni arosto na kuitibu kwa sigara. Punguza kahawa kwa nusu kuanzia siku ya kwanza. Kwa njia hiyo hiyo baadhi ya dawa, zikiwemo klozapini ya maradhi ya akili na theofilini ya pumu, huongezeka katika damu mtu anapoacha kuvuta, kwa hiyo anayezitumia azungumze na daktari wake kabla ya tarehe aliyojiwekea.

Pombe sitaielezea kwa kirefu. Kaa mbali na baa mwezi mzima wa kwanza. Usijidanganye pia kwamba shisha ya mara moja moja ni kitu kingine: ina nikotini na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, na maji hayausafishi moshi wake. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016, Kenya na Rwanda mwaka 2017.

Dawa

Wapo wanaoamini kwamba kuacha kwa dawa si kuacha kiume. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba majaribio yanayofanywa bila msaada wowote hufanikiwa takriban manne tu kati ya 100, na kwamba ushauri wa wataalamu pamoja na dawa zilizothibitishwa vinaweza kuongeza uwezekano huo zaidi ya mara mbili. Aliyejaribu mara tatu akashindwa yuko pamoja na watu wengi sana, na hana haja ya kutafuta kasoro katika tabia yake.

Dawa hizi hushughulikia zile sigara za mwili. Bidhaa za nikotini, kama bandiko na jojo, ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilo mwaka 2009, na vareniklini na bupropioni, ambavyo ni vidonge visivyo na nikotini, mwaka 2021. Ulizia mara tu unapochagua tarehe yako, kwa kuwa si kila famasi huziweka, na ukiona bei inatisha, zidisha fedha unazotumia kwa sigara kila siku kwa 84, yaani wiki 12, ndipo ulinganishe.

Bandiko la nikotini hubandikwa asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, kwa mfano juu ya mkono karibu na bega, na mahali hubadilishwa kila siku. Aliyekuwa akivuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na la miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili. Jojo ya nikotini ina namna yake ya kutafunwa, na wengi huikosea. Itafune taratibu mpaka uhisi ukali kama wa pilipili, halafu iache itulie kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha, itafune tena, na uendelee hivyo kwa muda wa nusu saa. Ukiitafuna kama jojo ya watoto utameza nikotini, tumbo litachafuka na kwikwi itakushika. Usinywe kahawa, soda wala juisi ndani ya dakika 15 kabla ya kuitumia. Anayevuta ndani ya nusu saa tangu kuamka hutumia ya miligramu 4, wengine ya miligramu 2. Bandiko la kutwa pamoja na jojo wakati hamu inapozidi hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo na mwenye kifafa wasijiandikie dawa wenyewe. Bupropioni haimfai kabisa mwenye kifafa.

Kikohozi, uzito na kuteleza

Katika wiki za mwanzo unaweza kukohoa kuliko ulipokuwa unavuta, kwa sababu mapafu yameanza kujisafisha. Hapa nina onyo moja. Mvutaji wa siku nyingi huzoea kukohoa, na kifua kikuu hujificha vizuri sana nyuma ya kile anachokiita kikohozi cha sigara. Kikohozi kikifikisha wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi, uwe umeacha au hujaacha. Tanzania kipimo hicho hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali.

Uzito huongezeka, mara nyingi kilo nne au tano katika mwaka wa kwanza. Usianze kujinyima chakula wiki ile ile unayoacha sigara. Moyo unafaidika kuliko kilo hizo zinavyodhuru: baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayevuta.

Kuteleza si kuanguka. Ukivuta moja, toa ile karatasi ya wiki ya kwanza, andika saa, mahali na uliyekuwa naye, kisha endelea na bandiko lako na ratiba yako siku ile ile bila kungoja Jumatatu nyingine. Karibu kila mara utakuta mahali hapo hapakuwa kwenye karatasi. Mimi niliteleza katika mwezi wa tatu baada ya kuacha, msibani. Tulikesha chini ya turubai, wanaume wameota moto, na sigara zikawa zinapita mkono kwa mkono saa 8 usiku bila mtu kuuliza nani anavuta na nani ameacha. Tangu hapo nikienda kukesha naomba kazi mapema kwa msimamizi: kuchota maji, kupasua kuni, au kuwapokea wageni barabarani, na kazi ikiisha ninakwenda kukaa upande wa wazee wasiovuta.