Kuzoesha diski na pedi mpya za breki: somo kwa madereva wa Mtwara na Lindi

Ukishafunga diski na pedi mpya, kazi ya breki haijaisha. Imebaki nusu saa ya barabarani, na hiyo ndiyo inayorukwa gereji nyingi huku kwetu Kusini. Fundi anakaza nati ya mwisho, analipwa, na mwenye gari anaondoka moja kwa moja na abiria wake kwenda Masasi. Baada ya muda anarudi analalamika kwamba akikanyaga breki kwenye mwendo mkubwa usukani unatetemeka. Anaambiwa diski zimepinda, anunue nyingine. Diski hizo mara nyingi hazijapinda hata kidogo. Hazikuzoeshwa.

Nieleze kwanza kinachotokea, maana ukikielewa hutahitaji kukariri hatua.

Diski ni chuma cha kusubu. Pedi ni mchanganyiko wa nyuzi, unga wa metali na gundi, vikashindiliwa na kuokwa pamoja. Breki hushika kwa njia mbili: pedi inaparuza chuma, na pia inaacha juu ya chuma utando mwembamba sana wa mali yake yenyewe, kisha pedi na utando huo vinashikana. Kuzoesha breki ni kuupaka utando huo duara zima la diski, unene mmoja, kwa kupandisha joto kidogo kidogo. Sasa chukua diski mpya isiyo na utando, ipashe moto kwa breki kali, halafu simama kabisa mguu ukiwa juu ya pedeli. Pedi inaacha alama yake pale pale ilipobana. Kuanzia hapo kila mzunguko pedi ikipita kwenye alama ile inashika zaidi, panapata joto zaidi, na alama inazidi kunenepa. Huo ndio mtetemo wako. Ukiuacha uendelee, chuma chini ya alama hupata moto mkali mpaka kinageuka kuwa madoa magumu ambayo msasa hauyatoi.

Sababu ya pili inahusu uhai. Gundi ya pedi mpya ikipata joto kali kwa mara ya kwanza hutoa gesi, na gesi hiyo ikikaa katikati ya pedi na diski, unakanyaga pedeli, ni ngumu kabisa chini ya mguu, lakini gari halisimami. Fikiria jambo hilo likukute unashuka kutoka Newala kuelekea Masasi, Noah imejaa watu. Ndiyo maana nasisitiza: gesi hiyo itolewe mapema, kwenye barabara tambarare, ukiwa peke yako garini.

Kabla ya kuingia barabarani

Utando hauwezi kukaa juu ya uchafu. Diski nyingi mpya hutoka kiwandani zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yatoe kwa dawa ya kopo ya kusafishia breki na kitambaa safi. Ukiikosa, maji ya moto na sabuni, kisha kausha vizuri. Dizeli na mafuta ya taa usitumie, yanaacha utelezi. Zile diski zilizopakwa rangi ya kijivu hazina shida, rangi ya sehemu inayoguswa na pedi itaondoka yenyewe kwenye breki za mwanzo. Nawa mikono kabla ya kushika pedi. Alama ya kidole chenye grisi inatosha kuharibu sehemu ile.

Habu, yaani kitovu cha gurudumu ambacho diski hukaa juu yake, ndipo ninapopoteza muda mwingi kuliko pengine popote, na sijutii. Chumvi ya bahari yetu inakula chuma. Ukitoa diski ya zamani kwenye gari lililokaa Shangani au Mikindani, utakuta uso wa habu umejaa magamba ya kutu. Ukiweka diski mpya juu ya magamba hayo itakaa imeinama kidogo, na kuinama kwa sehemu ya kumi ya milimita tu kule ukingoni kunatosha kuleta mtetemo hata uzoeshe vipi. Kwa hiyo shika brashi ya waya na msasa, safisha mpaka chuma king'ae, pitisha kidole ukiwa umefumba macho. Kidole kitakwambia kabla ya jicho.

Pini za kalipa (kibanio kinachobeba pedi na pistoni ya kuzisukuma) ziteleze kwa mkono, zipakwe grisi ya silikoni inayovumilia joto. Grisi ya kawaida ya bearingi hufurisha raba zake. Unaporudisha pistoni ndani, angalia kikopo cha mafuta ya breki kisifurike, maana yakidondokea bodi yanakula rangi. Nati za tairi zikazwe kwa mpangilio wa nyota, si kwa kuzunguka, na gari likiwa limeshushwa. Toyota nyingi ndogo hutaka Nm 103 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Mashine ya upepo inayokaza bila kupima hupindisha diski iliyofungwa vizuri.

Na vumbi la pedi kuukuu usilipulize kwa kompresa. Baadhi ya pedi za zamani zina asbesto, inayoharibu mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa.

Mwisho, kabla hujatia gia, kanyaga pedeli. Mara ya kwanza itazama hadi chini, kwa sababu pistoni zimerudishwa nyuma. Endelea kukanyaga mpaka iwe ngumu. Asiyefanya hivi hugundua getini kwamba hana breki.

Kuchagua barabara

Unahitaji barabara ya lami iliyonyooka, isiyo na watu wengi, na unapoona mbali nyuma yako. Kwa walio Mtwara mjini, upande wa Naliendele alfajiri unafaa ukishavuka makazi. Sishauri njia ya Mikindani: kuna mteremko, kuna watoto wanaovuka, na malori yapo muda wote. Walio Lindi wana vipande vizuri kuelekea Mnazi Mmoja, ila kwenye vijiji punguza hadi kilomita 50 kwa saa na subiri uvipite ndipo uendelee. Msimu wa korosho amka mapema zaidi. Mvua ikinyesha, ahirisha.

Hatua zenyewe

Soma kwanza boksi la pedi. Kiwanda kikitoa maelekezo yake, fuata yale. Kama hakuna, fanya hivi.

Endesha kilomita mbili tatu kwa 30 hadi 40, ukigusa breki polepole mara chache. Hapa unasikiliza tu: je, gari linavuta upande mmoja, je, kuna kitu kinagonga? Kipo, rudi gereji.

Kisha panda hadi 50. Kanyaga breki kwa nguvu ya wastani, kama unavyofanya ukiona ng'ombe mbali barabarani, mpaka mshale ufike 10. Usisimame. Achia, ongeza mwendo taratibu, tembea kama nusu dakika bila kugusa breki, halafu rudia. Fanya hivyo mara kumi. Nusu dakika ile ni ya lazima, ndiyo inayolitoa joto usoni mwa diski na kulituliza ndani.

Ndipo upande hadi 80, ushuke hadi 20, kwa nguvu zaidi lakini ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga) isifanye kazi na tairi zisiburuzwe. Mara sita zinatosha, na safari hii pumzisha dakika nzima katikati. Utasikia harufu ya kuungua, na breki zinaweza kupungua nguvu kidogo kisha zikarudi kushika vizuri. Hiyo ndiyo gundi inayotoa gesi yake. Pedeli ikizama hadi chini, acha hapo hapo: hilo ni tatizo la mafuta ya breki au hewa, wala halihusiani na kuzoesha.

Baada ya hapo endesha dakika kumi bila kushika breki isipokuwa kwa usalama, upepo upoze. Ukifika, egesha kwa gia, au P kwa otomatiki, na jiwe nyuma ya tairi. Hendibreki usivute mpaka magurudumu yapoe, hasa kama nyuma nako kuna diski. Diski usizimwagie maji.

Diski zikipoa, chungulia katikati ya rimu. Unatafuta rangi ya kijivu iliyoiva, yenye ubuluu kidogo, duara zima, toka ndani hadi nje. Ukiona mabaka, au mkanda uking'aa kama mpya, pedi haijagusa pote; rudia kesho yake. Kwa kilomita mia tatu za kwanza epuka breki za ghafla na mizigo mizito.

Maswali ya madereva

Kutoka Lindi mjini: Fundi, nakaa karibu na bahari. Nilizoesha jana, leo asubuhi diski zote zina kutu nyekundu. Kazi imeharibika?

Hapana, dada. Hiyo ni kutu ya usoni, chuma kitupu kikilala na umande wa chumvi hakikosi. Breki tatu nne za polepole zitaifuta, utando wako uko chini yake. Ubaya ni gari kukaa wiki nyingi bila kutembea, hapo kutu huchimba chini ya pedi na kuacha alama.

Kutoka Masasi: Shikamoo fundi. Mimi nimebadilisha pedi tu, diski ni zile zile. Nifanye zoezi lote?

Marahaba. Ndiyo, lote, kwani pedi mpya lazima itoe gesi yake na ikubaliane na mikwaruzo ya diski ya zamani. Kwanza pima unene wa diski. Kiwango cha mwisho kimechongwa kwenye diski yenyewe, kwenye kikombe cha katikati au ukingoni, kwa milimita. Ikishuka chini ya hapo, usifunge pedi mpya juu yake. Ikiwa bado nzima, isugue kwa msasa kwa mduara ili kutoa utando wa pedi za zamani, isafishe, ndipo ufunge.

Kutoka Mtwara: Moshi ukitoka?

Moshi mwepesi kwenye zile za 80, kawaida. Moshi mzito kutoka gurudumu moja tu, simama salama uangalie: kalipa imekwama.

Kutoka Newala: Walinifungia mwezi uliopita, hakuna aliyeniambia habari hizi. Sasa usukani unacheza nikishika breki. Ninunue diski nyingine?

Usinunue bado, kaka. Hakikisha kwanza usukani unacheza kwenye breki tu. Ukicheza hata bila breki, tafuta balansi ya tairi au tairoodi (fimbo inayounganisha usukani na magurudumu). Ukiwa wa breki tu, legeza nati na uzikaze upya kwa kipimo, halafu fanya zoezi lote kwenye tambarare. Alama zikiwa changa, mara nyingi huisha. Zisipoisha, vua diski, piga msasa diski na pedi, safisha habu, rudia. Ukiona madoa ya buluu nzito yasiyotoka kwa msasa, hapo ndipo diski zimekwisha. Na mpaka utatue, kila unaposhuka huko juu tumia gia ndogo, breki ziguse kwa vipindi. Usizikalie.

Kutoka Lindi: Gari langu ni Aqua, haibridi ya Toyota yenye injini na mota ya umeme. Breki karibu hazifanyi kazi, mota ndiyo inayopunguza mwendo. Nizoesheje?

Umeuliza vizuri. Kwenye haibridi za Toyota mota hairudishi umeme wala haipunguzi mwendo ukiwa N, kwa hiyo pandisha mwendo, weka N, ndipo ushike breki, kisha rudisha D. Fanya hivyo mahali ambapo hakuna gari nyuma yako kabisa, na usiweke P.

Kutoka Nachingwea: Nyuma nina dramu, nimebadilisha brekishu zake (vipande vinavyosugua dramu kwa ndani). Ni hatua zile zile?

Brekishu zinahitaji muda zaidi na joto dogo zaidi, kwa sababu dramu haipoi haraka. Zile za 50 fanya, za 80 acha. Baada ya wiki rekebisha nafasi ya brekishu, maana zitakuwa zimekaa, na hendibreki itakuwa imelegea.