Mbwa mzee anafundishika, ila anza na mwili wake

Wengi nawasikia wakisema mbwa akishafika miaka saba nane ndo basi tena, samaki mkunje angali mbichi. Mi naona hilo la samaki halimhusu mbwa kabisa. Mbwa mtu mzima anajifunza vizuri tu, na wengine wanatulia kuliko vile vitoto ambavyo kipepeo akipita tu somo limeisha. Chukua mfano wa mbwa anayekimbiza kuku, shida yake ni kwamba tabia hiyo ameifanya labda miaka mitano, na kila mara imemlipa, kuku wanapiga kelele manyoya yanaruka, kwake ni raha tupu, kwahiyo unashindana na mazoezi ya miaka yote hiyo.

Kabla hujashika kamba mwite daktari wa mifugo amwangalie, masikio, macho, meno, maungio, na kama chanjo ya kichaa cha mbwa imepitwa na muda achomwe hapohapo. Maana unakuta mbwa anaitwa kiburi kumbe hasikii! Mjaribu mwenyewe, subiri akiwa amekupa mgongo, piga makofi ukiwa mbali kidogo, uone kama sikio linacheza. Akiwa anaamka kwa taabu asubuhi au anasitasita kukaa ukimwambia kaa, nyonga zinaweza kuwa zinamuuma, basi achana na hiyo "kaa", mfundishe kusimama akatulia, kazi ni ileile. Na mbwa aliyekuwa mpole akianza kung'ata uzeeni, au aliyezoea kukojoa nje akaanza kukojolea ndani, usikimbilie fimbo, hapo mara nyingi kuna maumivu au ugonjwa, inaweza kuwa figo, kibofu au kisukari, na mafunzo hayatibu figo.

Haya, mwili uko sawa, turudi kwa kuku. Watu wengi wanafeli hapa: jioni wanamfundisha dakika kumi, halafu kutwa nzima mbwa yuko huru na kuku wako huru. Hapo nani mwalimu? Kuku ndo wanamfundisha. Mpaka atakapobadilika watenganishe, uzio, banda, kamba, chochote ulichonacho.

Wakati wa somo mvalishe mkanda wa kifuani, sio wa shingoni, tia kamba ya kama mita tano, na kuku wawe nyuma ya wavu. Simama mbali, umbali ambao anawaona ila bado anaweza kula kutoka mkononi mwako. Akikataa nyama aliyokuwa anaililia dakika moja iliyopita ujue mko karibu mno, rudini nyuma. Akimwangalia kuku halafu akageuka kukutazama wewe, sema "sawa" na mpe kipande hapohapo, ndani ya sekunde moja au mbili, ukichelewa utakuwa umemlipa kwa kitu kingine alichokifanya baadaye. Siku zikienda mnasogea hatua mbili tatu. Akiruka usivute kamba kwa hasira, rudi tu nyuma muanze tena. Na niseme ukweli, mbwa aliyeshaua kuku hata akifuzu vipi mi simwachi peke yake na vifaranga, bora lawama.

Wale wa kumfunga mbwa kuku mfu shingoni, au kumchapa ukirudi saa nane kwa kosa la saa nne, jamani hiyo haisaidii, yeye anachounganisha ni wewe kufika na kipigo, ndo maana siku nyingine anajificha akisikia mlango unafunguliwa, nyie mnasema "anajua kosa lake". Kama anakula mayai, okoteni mayai mapema na mzibe njia ya kuingia kwenye viota, yamekwisha.

Masomo yawe mafupi, dakika tano mara mbili tatu kwa siku, kabla hajala. Hizo nyama zipunguzwe kwenye chakula chake cha siku maana mbwa mzee ananenepa upesi, na unene unamalizia maungio. Vitunguu, chokoleti, zabibu na mifupa iliyopikwa asipewe kabisa. Pia kubalianeni neno moja nyumba nzima, sio baba anasema "njoo", watoto "kuja hapa", kijana wa shamba anapiga mluzi.

Asiyesikia mfundishe kwa ishara za mkono, usiku mwite kwa kuwasha na kuzima tochi, na akilala usimguse kwa nyuma ghafla, kanyaga chini kwa nguvu kidogo asikie mtikisiko kwanza, mbwa akishtuka anaweza kukung'ata kabla hajajua ni nani.

Kuna hili la kubweka akidai chakula. Ukiacha kumpa atabweka zaidi, siku kadhaa za mwanzo itakuwa balaa, na ukichoka siku ya tatu ukampa, umemfundisha kwamba akibweka siku tatu analipwa. Afadhali usingeanza.

Kitu kingine, akishaelewa uani usidhani ameelewa na kule zizini. Kwa mbwa "tulia" ya uani na "tulia" ya mbele ya mbuzi ni vitu viwili, kwahiyo kila sehemu mpya anza tena kutoka mbali na nyama mkononi, ila mara hii atashika haraka kuliko ile ya kwanza.