Makala ni Yako, Nakala Je? Namna ya Kusambaza Utafiti Wako Bila Kuvunja Mkataba

Mtafiti aliyemkabidhi mchapishaji hakimiliki hubaki kuwa mwandishi wa makala, lakini hawezi tena kuisambaza apendavyo. Kwa hiyo, kabla ya kupandisha faili lolote mtandaoni, fungua mkataba ulioutia saini, ambao wengi wetu huukubali usiku wa manane bila kuusoma, na utafute kifungu kinachoeleza haki alizobakiziwa mwandishi.

Humo utakuta makala ile ile ikihesabiwa kuwa matoleo matatu. Lipo la awali, kabla wahakiki hawajaligusa. Lipo lililokubaliwa, ambalo limekwisha kurekebishwa kwa kufuata maoni yao lakini bado ni faili lako mwenyewe la Word. Na lipo la mwisho, lenye nembo ya jarida na namba za kurasa. Hili la tatu ndilo linalolindwa kwa ukali, na ndilo hasa watu hulipandisha ResearchGate, mtandao wa kijamii wa watafiti, kwa sababu linapendeza macho. Mwaka 2017 wachapishaji wawili, Elsevier na Jumuiya ya Kemia ya Marekani, waliishtaki ResearchGate nchini Ujerumani kwa nakala za namna hiyo, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2023.

Toleo la awali kwa kawaida halina shida. Tumaini lako kubwa liko kwenye lile lililokubaliwa, ila masharti yake hutofautiana: Elsevier huruhusu liwekwe mara moja kwenye tovuti binafsi ya mwandishi, huku hifadhi ya mtandaoni ya chuo ikitakiwa kusubiri muda uliopangwa na kila jarida; nayo majarida mengi ya mchapishaji Springer Nature ambayo msomaji huyalipia hutaka miezi 12 ipite. Sera ya jarida lako utaipata bure katika huduma ya mtandaoni ya Jisc, shirika la Uingereza linalohudumia vyuo, iliyojulikana kwa miaka mingi kama Sherpa Romeo.

Muda ukitimia, andika juu ya ukurasa wa kwanza: “Huu ni mswada uliokubaliwa kuchapishwa,” kisha taja jarida, mwaka na kiungo cha DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni), ndipo umpelekee mkutubi wa chuo.

Kinachokwamisha wengi si sheria, bali ni faili lenyewe kutoonekana. Ukilikosa kwenye kompyuta yako, muulize mwandishi mwenzako, au ingia katika mfumo mliotumia kuwasilisha makala, kwani mara nyingi faili la marekebisho ya mwisho bado limo.