Laptopu mpya: mambo ya kuzingatia kabla hujanunua vikorokoro vyake

Ukinunua laptopu Kariakoo, ni nadra kutoka dukani na laptopu peke yake. Muuzaji akishaona mmekubaliana bei, anaanza kupanga vitu juu ya kaunta: begi, kipanya, feni ya kuwekea chini, nailoni ya kufunika kibodi, flashi, dawa ya kufutia kioo. "Chukua vyote bosi wangu, nakupigia hesabu ya jumla." Hela uliyobakiza inaishia hapo. Ukifika nyumbani ndipo unagundua mashine ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 na waya wa chaja una pini mbili bapa zisizoingia kwenye soketi ya ukutani kwako.

Wadogo zangu na watoto wa majirani wanaokwenda chuo huniuliza wanunue nini cha ziada, nami huwajibu kwa mpangilio uleule. Kwanza lipia kile ambacho hakiwezi kuongezwa baadaye. Kisha umeme, kisha usalama wa kazi zako. Vingine vyote vinaweza kusubiri mwezi ujao, na baadhi yake vinaweza kusubiri milele.

Anza na swali ambalo wauzaji wengi hulikwepa: RAM ya mashine hii inabadilishika? Laptopu nyingi nyembamba za siku hizi, RAM yake imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. MacBook zote zenye chipu za Apple, kuanzia zile za M1 za mwaka 2020, ziko hivyo. Kiasi ulichonunua nacho ndicho utakachozeeka nacho. Kwa mashine ya namna hiyo, siku ya kuongeza RAM ni siku ya kununua tu. Kama mfuko unakulazimisha kuchagua kati ya GB 8 pamoja na begi zuri, au GB 16 bila begi, chukua GB 16 uibebe kwenye kikapu.

Zipo zilizo nusu kwa nusu, sehemu imelehemiwa na tundu moja limeachwa wazi. Hapa herufi moja inaweza kukuponza. ThinkPad T480, ambayo imejaa sana kwenye maduka ya mashine zilizotumika, ina matundu mawili ya RAM. Ndugu yake T480s, nyembamba kidogo, ina tundu moja tu na RAM nyingine iko kwenye bodi. Ukiziona zimefungwa mezani huwezi kuzitofautisha kwa haraka. Usimtegemee muuzaji, washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance kisha Memory. Windows itakuonyesha matundu ni mangapi na mangapi yametumika. Ikikuandikia kwamba umbo la RAM ni "Row of chips", ujue imelehemiwa.

Kama tundu lipo, hakikisha aina. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani hata kidogo. Za laptopu zina pini 204, 260 na 262 kwa mfuatano huo, na lile pengo la katikati limekatwa mahali tofauti makusudi ili usiweze kukosea. Mimi niliweza kukosea vilevile, kwa sababu nilinunua bila kubeba ya zamani. Nilirudi Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, siku ya pili na kipande cha DDR3 mkononi, nikapokewa kama mtu anayerudisha mkate aliokwisha kuuma. Tangu siku hiyo nachomoa kile kilichomo, nakipiga picha pande zote mbili, naenda nacho dukani.

Kiasi gani kinatosha? Microsoft wanasema Windows 11 inahitaji angalau GB 4, lakini hiyo ni ya kuwaka, si ya kufanyia kazi. Kwa kuandika, kufungua kurasa za intaneti na kuhudhuria kikao cha Zoom, GB 8 inavumilika. Anayehariri video, anayechora ramani za majengo au anayeandika programu asishuke chini ya GB 16. Na kama una matundu mawili, vipande viwili vinavyofanana huenda kasi kuliko kimoja kikubwa, hasa pale ambapo chipu inayochora picha kwenye skrini nayo inatumia RAM hiyohiyo.

Baada ya RAM ni diski, na kwa mashine iliyotumika hapa ndipo shilingi yako inafanya kazi zaidi kuliko popote. Laptopu yenye diski ya zamani, ile inayozunguka na kuunguruma, ikiwekewa SSD, diski ya chipu isiyozunguka, hata ile ya kawaida ya SATA, inabadilika tabia kabisa. Diski ya kuzunguka husoma kama MB 100 hivi kwa sekunde. SSD ya SATA hufika kama MB 550. NVMe, ile nyembamba kama kipande cha chingamu, huvuka MB 3,000. Usihangaike sana na tofauti ya hizo mbili za mwisho, kwa kazi za kawaida hutaihisi. Tofauti ya kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote ndiyo utakayoihisi tangu dakika ya kwanza.

Ila hizo nyembamba nazo zina mitego. Namba 2280 ina maana upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Mashine nyingine zina nafasi ya 2242 au 2230 tu. Tena zipo nyembamba za SATA na nyembamba za NVMe zenye sura karibu sawa, na tundu la moja huenda lisisome nyingine. Tafuta jina kamili la modeli ya laptopu yako, lililoandikwa chini ya mashine, usome karatasi yake ya sifa kabla ya kutoa hela. Diski uliyoitoa usiitupe. Nunua kasha lake la USB, bei ndogo tu, na tayari una diski ya nje ya kuhifadhia nakala.

Kabla ya kumkabidhi fundi mashine aifungue, fanya jambo moja ambalo watu wengi hulisahau hadi wamelia. Laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha vifaa vya ndani, mashine inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na bila ufunguo huo mafaili yako yamekwenda. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, utafute ufunguo huo, uuandike kwenye karatasi. Fanya hivyo leo hata kama hupangi kufungua chochote.

Na kabla ya kutumbukiza fedha kwenye mashine iliyotumika, jiulize kama inastahili. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inakubali, isipokuwa chache, kuanzia kizazi cha 8. Stika ya "i5" peke yake haikuambii kitu. Core i5-7200U ni kizazi cha 7 na i5-8250U ni cha 8, na zote mbili unaweza kuzikuta ndani ya makasha yanayofanana. Kuiwekea ya kwanza RAM na SSD mpya si dhambi kama utatumia Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, lakini ujue hivyo mapema.

Sasa umeme. Kwetu ni volti 230 na soketi ni zile za pini tatu za mraba, zilizoachwa na Mwingereza. Mashine zinazoingia kutoka Dubai, Marekani au Ulaya huja na waya za namna zote. Soma maandishi madogo kwenye tofali la chaja. Ukikuta INPUT 100-240V, huhitaji transfoma yoyote, na karibu chaja zote za laptopu ziko hivyo. Unachohitaji ni waya tu, ule unaotoka kwenye tofali kwenda ukutani, kwa sababu unachomoka. Upande wa tofali una matundu matatu kama ua, au mawili kama wa redio. Nunua waya mzima wenye pini zetu tatu na fyuzi ndani, uachane na vile viadapta vya plastiki vinavyolegea na kutoa cheche. Fyuzi ya ampea 3 inatosha laptopu ya kawaida. Ya 13 ni ya pasi na jagi la umeme.

Chaja ikifa, ya kubadilishia iwe na volti zilezile, na ampea zisipungue zile za awali. Ampea zikizidi si tatizo, mashine inavuta kiasi inachotaka. Dell wana utaratibu wao wa pini ya katikati inayojitambulisha kwa mashine. Ukichomeka chaja ya kuokoteza, laptopu inaweza kuwaka lakini ikakataa kujaza betri na ikajipunguza kasi, nawe ukadhani imeugua. Kwa zinazochajiwa kwa USB-C, angalia wati: chaja ya simu ya wati 18 haitafua dafu kwa mashine inayotaka 65. Waya nao una kipimo chake. Wa kawaida wa ampea 3 unaishia wati 60, na wa ampea 5 unafika 100 au zaidi.

UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, kwa ajili ya laptopu ni hasara, kwani betri ndiyo UPS yake. Kinachoua vifaa kwetu ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, kwa hiyo nunua ekstensheni yenye kinga ya kweli, na mvua ya radi ikianza chomoa kabisa. Kama unafanyia kazi nyumbani, hela hiyo ipeleke kwenye UPS ndogo ya ruta. Laptopu iliyowaka bila intaneti haikusaidii kwenye kikao.

Betri ya mashine iliyotumika usiipime kwa maneno ya "inakaa masaa manne, kaka". Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotengenezwa. Litakuonyesha uwezo betri iliotoka nao kiwandani na uwezo ilionao leo. Kama ilizaliwa na 50,000 mWh na leo inajaa 21,000, tayari umepata hoja ya kupunguziwa bei. Na ukiona kigusio, pale pa kusogezea kishale kwa kidole, kimeinuka au kasha limetuna, hapo hakuna mjadala wa bei. Betri imevimba, iache mezani.

Upande wa kuhifadhi kazi, tahadhari kubwa ni flashi. Flashi ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya chipsi kuku si ofa. Ndani yake kuna chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Kompyuta inaonyesha TB 2, unapakia picha za harusi, na baada ya gigabaiti chache mafaili mapya yanaandikwa juu ya ya zamani. Programu ya bure iitwayo H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huijaza flashi yote na kuisoma upya hadi ukweli ujitokeze. Inachukua muda. Iendeshe usiku ulale. Na diski yako ya nakala isikae kwenye begi moja na laptopu, kwa sababu mwizi wa begi hachagui.

Mashimo ya pembeni yahesabu kabla hujaondoka dukani. Kumbi nyingi za mihadhara na ofisi zetu bado zina projekta za VGA, zile za pini 15, wakati laptopu mpya zina HDMI au USB-C tu. Adapta ya HDMI kwenda VGA ni ya upande mmoja. Inayofanya kinyume ni kifaa kingine. Kwa USB-C, usidhani kila tundu linatoa picha. Tafuta alama ya DP (DisplayPort) au ya radi (Thunderbolt) pembeni ya tundu, na usipoiona usome karatasi ya sifa kabla ya kununua habu yenye matundu saba.

Vilivyobaki ni vidogo. Kipanya chukua, mikono itakushukuru. Feni ya chini ni kelele tupu kama mashine haivuti hewa kwa chini. Kuiweka juu ya ubao mgumu badala ya kitanda kunafanya zaidi. Kifuniko cha kamera kiwe karatasi nyembamba: mwaka 2020 Apple walitoa onyo kwamba kufunga MacBook yenye kifuniko kigumu kunaweza kupasua kioo. Begi, ukiwa mtu wa bodaboda, liwe la mgongoni lenye koti la mvua, na laptopu ikae upande unaogusa mgongo wako.

Siku ya kulipa usiwe na haraka. RAM na SSD zichomekwe hapohapo, mashine iwashwe, nawe uone kwa macho yako namba mpya kwenye skrini. Chomeka chaja uone betri inapanda. Ingiza kitu kwenye kila tundu, hata kama ni flashi ya muuzaji. Kisha dai risiti ya EFD, ile ya kodi, uombe na namba ya laptopu yenyewe iandikwe juu yake, maana siku ya kurudi kudai garantii huyo aliyekuita bosi anaweza asikukumbuke.