Kufunga stepu za pikapu huku kwetu kwenye chumvi

Mimi ni mpishi wa shughuli, naishi Shela hapa Malindi. Masufuria ya pilau hupanda nyuma ya Hilux yangu, na wanawake wanaonisaidia hupanda ndani. Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Chombo kimeinuka, na nusu ya wasaidizi wangu wameshapita miaka sitini. Mtu na buibui lake, mkono mmoja una mkoba, wa pili umeng'ang'ania mlango, na goti limegoma. Kila tukisimama nateremsha kreti ya soda iwe ngazi. Siku tulipoisahau kreti Mambrui, mama mkwe akapandishwa garini kwa kusukumwa kama gunia la mchele. Hakunisemesha hadi tulipovuka daraja la Sabaki.

Kesho yake nikanunua stepu za kwanza, yaani vikanyagio vya kufungwa ubavuni chini ya milango, na nilizinunua kwa kung'aa. Mabomba mawili ya duara, muuzaji akaapa ni stenlesi tupu, kile chuma kisichoshika kutu upesi. Mwaka haukutimia, chini yake yakaanza kumenyuka kama ngozi ya kitunguu. Siku hizi naingia dukani na sumaku mkobani. Ikinata kwa nguvu kwenye bomba, hicho aghalabu ni chuma cha kawaida kilichopakwa juu, kwa hivyo bei ya stenlesi usiitoe. Chuma si kibaya, mradi kiwe kizito, kimepakwa zinki au ile rangi ya unga inayookwa juu ya chuma, na kiwe na tundu dogo chini la kutolea maji. Bomba lililozibwa kote likiingiwa na maji huoza kwa ndani nawe huoni kitu. Alumini ndiyo niliyoishia kuichukua. Ni nyepesi na haipati kutu nyekundu, ila nayo ina ugonjwa wake, nitaueleza tukifika kwenye bolti.

Kabla ya kuuliza bei, pima. Egesha mahali tambarare, chukua futi, upime kutoka chini hadi sakafu ya kebini mlangoni. Yangu ilikuwa sentimita 56. Stepu ikikaa 36, mguu wa kwanza unapanda 36 na wa pili 20, na huo mtu mzima anauweza. Ukiipandisha zaidi, mzee hajafaidika na lolote. Ukiishusha sana, utaikwangua kwenye matuta ya mjini na kwenye mawe ya njia ya Marafa.

Upana nao una hesabu yake. Bomba la inchi 3 linashika vidole tu, na kiatu chenye mchanga wa pwani hapo huteleza. Ubao bapa unaukalisha mguu vizuri, lakini ukiwa mpana mno kila anayeshuka anaupangusia tope kwa buibui lake, na mimi siwezi kufika harusini na watu waliochorwa mistari mapajani. Nilichagua wa sentimita 13 wenye raba ya mikunjo juu. Tazama pia uzito unaobebwa. Nyingi huandikwa kuanzia kilo 130 hivi na kuendelea. Chukua zaidi, kwa sababu anayepanda hapandi peke yake, yuko na kikapu, na huwa anajirusha. Zile nzito za kufungwa kwenye chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, zinazoweza kuinuliwa na jeki pamoja na gari lote, waachie wanaolala porini Tsavo.

Ukiagiza boksi la stepu, taja mwaka wa gari na aina ya kebini. Ya milango miwili na ya milango minne hazipokezani stepu. Jambo jingine lililotupotezea asubuhi nzima mimi na mwanangu: breketi zetu, ile mikono ya chuma inayobeba ubao, zilikuwa na herufi D za upande wa dereva, nasi tukazipeleka kulia. Matundu yakakataa kabisa. Kumbe boksi lilitengenezewa nchi ambako dereva hukaa kushoto. Tulipozigeuza, kila kitu kikaingia.

Shemeji yangu alikuwa na njia ya mkato, kuchomelea breketi kwenye chesisi. Nikamkatalia. Moto wa kuchomelea huunguza rangi ya ndani, pahali ambapo brashi haifiki, na kutu huanzia papo hapo. Pia hudhoofisha chuma kinachobeba gari zima. Pikapu nyingi zina matundu yenye nyuzi yaliyotobolewa kiwandani chini ya kizingiti cha mlango au ubavuni mwa chesisi. Lala chini na tochi uyatafute. Kama gari lako halina, fundi akutengenezee breketi za kufungwa kwa bolti. Na popote utakapotaka kutoboa, angalia kwanza nyuma yake kama hakupiti bomba la breki au la mafuta.

Siku moja kabla, osha chini ya gari kwa maji ya mfereji, yale baridi yanayoletwa kwa bomba kutoka Baricho. Visima vingi vya kwetu vina chumvi, ukioshea maji yake ni kama hujaosha. Kikikauka, nyunyizia matundu mafuta ya kulegeza kutu na uyaache yalale. Asubuhi vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Kwa gari lililoinuka jeki haihitajiki. Ukiitumia, weka stendi, usijitie chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake.

Bolti zote zianze kwa vidole. Ikikataa kwa vidole imekaa upande, itoe uanze upya, kwa sababu ukiilazimisha kwa spana utaua nyuzi za tundu. Funga breketi tatu za upande mmoja zikiwa bado zinacheza. Kama ubao una mfereji kwa chini, ingiza bolti zake za kichwa bapa kabla ya kuunyanyua. Sisi tulisahau, tukateremsha kila kitu. Mmoja ashike ubao, mwingine atie nati. Pima kutoka kizingiti hadi ubao, mbele na nyuma, hadi vipimo vilingane, kisha fungua milango yote uone haigusi. Hapo ndipo unakaza: breketi kwenye bodi kwanza, ukianzia ya katikati, halafu ubao kwenye breketi. Weka spana ya milimita 12 na ya 13, kwa sababu bolti ndogo za Toyota zenyewe na zile za boksi huenda zisilingane vichwa.

Sasa ugonjwa wa alumini. Ikigusana na stenlesi au chuma kwenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, utaona unga mweupe ukizunguka bolti. Weka washa, kile kipete bapa, ya plastiki au raba baina yao. Na stenlesi kwa stenlesi zikikazwa kavu na kwa haraka huumana, nati haiendi mbele wala nyuma, unabaki kuikata. Paka grisi kidogo, kaza polepole. Karatasi iliyokuja na boksi langu ilisema nguvu ya kukaza iwe nyutoni mita 25 kwa bolti za M8, zile za unene wa milimita 8. Ukishapaka grisi usizidishe nguvu, maana bolti iliyolainishwa huvutika zaidi kuliko unavyohisi mkononi.

Kabla ya kumpandisha mtu, simama mwenyewe kwenye ncha ya ubao, si katikati, urukeruke kidogo huku umeshika mlango. Ukisikia mlio, kuna nati uliyoiruka. Na wakatalie vijana wanaotaka kuning'inia juu yake gari likienda. Wangu wamezoea kulalamika, bado nawashusha.

Zikague tena baada ya wiki mbili. Mimi nilichora mstari wa rangi ya kucha, nyekundu iliyobaki kwenye harusi moja, kutoka kwenye nati hadi kwenye breketi. Nati ikizunguka, mstari unakatika, unaona bila hata kushika spana. Tuliporudi kutoka Marafa mistari miwili ya upande wa kushoto ilikuwa imekatika. Nikazikaza, nikachora upya, na tangu hapo mama mkwe hupanda mwenyewe akiwa wa kwanza, hukaa mbele.