Kabla ya masika, kagua ncha zote mbili za kebo

Masika huku kwetu Kilimanjaro yanaanza Machi, kwa hiyo kazi hii ya kukinga nyumba na radi ifanyike Januari au Februari, udongo ukiwa mkavu. Ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, ikipimwa wakati wa mvua hudanganya, hasa kule chini Boma Ng'ombe kwenye ukame na mawe.

Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kaza nati za ethi rodi, ile fimbo ya chuma iliyochomekwa ardhini, zinalegea na kushika kutu. Weka kinga ya radi pale meni swichi.

Sasa kebo. Kila kebo yenye ganda la chuma inayotoka nyumbani kwenda kwenye pampu, getini au bandani, ganda hilo lifungwe ethi ncha zote mbili. Zote mbili! Mafundi wengi wanafunga moja na kuacha ya pili kwa sababu kwenye kebo za sauti ndivyo mvumo, ule mngurumo wa spika, unavyoondolewa. Kwa mvumo wako sahihi. Kwa radi unabaki bila kinga.

Niliitwa kwa mama mmoja Machame, pampu ya kisima imekufa baada ya radi kupiga mgrevilia ulio karibu na nyumba. Kisima kiko mbali shambani, katikati ya migomba. "Fundi, mbona ethi ipo? Mbili nimelipia," akaniambia. Kweli zilikuwepo, moja nyumbani, nyingine kisimani, na hakuna kilichoziunganisha. Nikafungua boksi la pampu. Kebo ilikuwa nzuri, ganda lake ni la nyuzi za chuma, ila nyuzi zilikatwa na kuzungushiwa tepu nyeusi kwa unadhifu mkubwa, kisha kebo ikapitishwa kwenye glandi, kibanio cha kuingizia kebo kwenye boksi, ya plastiki. Alama ya moto ilitoka kwenye waya wa umeme mpaka kwenye bati la boksi.

Ile mota haikupigwa na radi. Radi ya kawaida hubeba kama ampea 30,000. Sehemu ya kumi tu ikipita kwenye ethi ya nyumba yenye ukinzani wa omu 10, ethi hiyo inapanda volti 30,000, na ya kisimani imebaki chini. Tofauti hiyo ikapita kwenye nyaya za mota, maana hapakuwa na njia nyingine. Nyuzi za chuma zingefungwa huku na huku, mkondo mwingi ungepita humo, na nyaya za ndani zingepanda na kushuka pamoja nazo. Mama wa watu alinunua mota mpya kwa sababu ya tepu.

Kwa hiyo dai glandi ya chuma inayobana nyuzi mduara mzima. Usikubali kijiwaya kirefu kilichonyongwa pembeni: kwa kasi ya radi, mita moja tu ya waya, hata uwe mnene, inabeba maelfu ya volti. Uwe mfupi na ulionyooka. Ethi zote za kiwanja ziunganishwe. Kebo ya sauti inayosumbua kwa mvumo ipitishe ndani ya bomba la chuma lililofungwa ethi pande zote mbili, ganda lake la ndani libaki limefungwa ethi upande mmoja tu.

Fundi akimaliza, fungua maboksi uangalie kwa macho yako kabla ya kumlipa. Wingu likitanda, chomoa vifaa mapema. Na mtu asiguse ethi rodi wala kupanda paani ngurumo zikisikika, hata kama bado ziko upande wa Mlima Meru.